Pumzi Iliyobanwa

Shangazi hulehemu kwenye meza ya kulia, madirisha yamefungwa, pumzi ameibana kama mpiga mbizi. Vipande vya elektroniki anavyoviunga ni vidogo kuliko punje ya ufuta. Akihema tu, kimoja kimepeperuka na hakionekani tena. Kila mara hupangusa kibano kwenye pindo la gauni. Leo anatengeneza kifaa cha kusikia cha mama yake, na kipande kingine cha akiba hana. Mama yake, asiyesikia chochote bila kifaa hicho, anamchokoza: "We binti, mbona umenuna kama umeng'atwa na siafu?" Kicheko kinamtikisa Shangazi mabega, lakini mkono umetulia tuli. Lehemu inayeyuka, inang'aa, inaganda. Ndipo anapohema, anamvisha mama kifaa sikioni na kumnong'oneza, "Nani kanuna?"

"Usinipigie kelele," mama anamkemea. "Kwani mimi kiziwi?"