Kichwa Kimoja, Namba Tatu

Kazini walimwita Mama Tulia, maana tangu asubuhi hadi jioni neno lake lilikuwa hilo: "Tulia, usitikise kichwa." Mwaka wa kumi na saba huu anaendesha mashine ya kupiga picha za ubongo hospitalini, na watu wanaojiona hakuwa na subira nao.

Aliyeongoza kwa kujiona alikuwa profesa mmoja, viatu vinang'aa, mdomo haupati likizo. Alitaka watu thelathini walale ndani ya mashine bila kufanya lolote, apime damu inavyokimbilia sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Sehemu zinazoamka na kupoa pamoja, hata zikiwa mbalimbali, aliziita mtandao. Akaapa kwamba vichwa vyote vina mitandao ileile, naye ndiye atakayeuonyesha ulimwengu.

Watu watatu hawakutokea. Kutafuta wengine? Thubutu!

"Dada, lala wewe," profesa akamwambia Mama Tulia.

"Mara tatu?"

"Nani atajua? Ubongo ni ubongo."

Akalala, siku tatu mbalimbali, mwenzake akiendesha mashine. Alinuna, lakini alilala.

Mwezi uliofuata profesa akaleta wageni kutoka vyuo vingine, akawaonyesha picha ukutani. "Tazameni namba saba, kumi na tisa na ishirini na nne! Watu wasiojuana kabisa, mitandao yao kama mapacha!"

Mama Tulia, aliyekuwa akibadilisha shuka za mashine, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mapacha gani, profesa? Wote watatu ni mimi."

Wageni wakageuka. Profesa akaanza kukohoa, eti koo limemkauka.

Wakuu wa hospitali wakaamuru watafutwe watu watatu wa kweli. Wakaja mshonaji, dereva wa lori na mwalimu mstaafu. Mitandao ikajitokeza ileile, ila kwa kila mmoja imesogea kidogo, huku imetanuka, kule imebanwa. Kumbe jibu lilikuwepo muda wote. Mvivu yule alighushi jambo la kweli.

"Si nilisema?" profesa akatamba koridoni.

"Ulisema. Hata kasuku husema," akajibu Mama Tulia.

Jioni, wakimenya viazi nyumbani, Mama Tulia alimsimulia wifi yake kisa chote, akimwigiza profesa na kikohozi chake. Wifi hakucheka.

"Nawe ulilala mara tatu, kimya?"

Mama Tulia akainamia viazi. Dharau zote alizommwagia profesa zilimrudia mwenyewe.