Mimba ya Kidoti Iliyotoka Siku za Harusi

Kaole ndiyo kwanza inapambazuka, na Mwanabaraka Sufiani amechuchumaa nyuma ya ng'ombe wake kama mshtakiwa anayengoja hukumu. Anainua mkia. Ute unaong'aa unaning'inia kama uzi.

"Karudi joto, anataka dume tena," anasema, kisha anajikalia chini palepale, kwenye mbolea.

Mumewe, Bwanausi, yuko mlangoni na mswaki mdomoni. "Mke wangu, ng'ombe wako kaolewa mara nyingi kuliko binti zako wote!"

"Nyamaza, bwana. Pilau ya harusi uliila wewe, si yeye."

Mzaha unaishia hapo. Nyumba hii inaishi kwa maziwa ya Kidoti, ng'ombe chotara. Siku za neema alitoa lita tisa. Sasa anatoa mbili, na asipozaa, hizo nazo zitakauka.

Mwezi uliopita Mwanabaraka alijua dhiki imekwisha. Kidoti alikuwa amepandishwa mara ya pili kwa mbegu ya kitaalamu, na wiki ya tatu ikapita bila dalili ya joto. Akapiga vigelegele peke yake bandani.

Kisha ikaja harusi ya binti yake, Lulu. Wapishi walitaka kivuli cha kuwekea masufuria, na kivuli kilikuwa kimoja tu: banda la Kidoti.

"Nikasema, mimba si imeshika? Atavumilia," anasimulia. Kidoti akaswagwa mchana hadi Makurunge, akafungwa shambani pasipo mti hata mmoja, mpaka wageni walipotawanyika. Alirudi anahema, ulimi nje.

Jioni anafika Mrisho, mtaalamu wa uhimilishaji, ndiye aliyempandisha Kidoti kwa mbegu ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, hakushika kabisa?"

Mrisho anampapasa Kidoti mgongoni. "Angekuwa hakushika, angerudi joto wiki ile ya tatu. Huyu kapitisha mwezi. Nadhani alishika, mama. Lakini mimba ilikuwa changa mno, bado haijajishikiza kwenye mji wa uzazi. Mwili ukichemka kwa jua, inakufa. Hutoona damu, hutoona kitu."

Mwanabaraka anajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Kumbe siku ile naselebuka, mwenzangu anafiwa."

Mrisho anampandisha Kidoti tena. Ni mara ya tatu, na Bwanausi amekwisha kusema neno lake: ikishindikana, mchinjaji wa Chalinze atakuja na kamba yake. Hata yeye hacheki anapolisema hilo.

Safari hii Kidoti hatoki bandani hadi Mrisho arudi kumpima. Tatizo ni wakwe wa Lulu. Wanataka kuja mwezi ujao kumtambulisha bwana harusi kwa ukoo, watu gari zima, na lazima wapikiwe, na kivuli cha kupikia ni kilekile.

"Nimewapelekea salamu wangoje," anasema Mwanabaraka, akimwaga maji kwenye ndoo ya Kidoti. "Wamenuna. Na wanune. Lulu ana mume wa kumtetea. Huyu ana mimi tu, na mimi nilishamtupa juani."