Ruhusa ya Dereva wa Tingatinga

Miaka ile msitu wa Nachingwea ulipokuwa ukifyekwa kwa ajili ya karanga, asubuhi moja nilijipanga mstarini kwenye dirisha la karani. Vumbi jekundu lilielea juani kana kwamba dunia bado inaamka. Mbele yangu, dereva wa tingatinga aliomba ruhusa ya siku saba zenye malipo. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha kijijini Narung'ombe, mama mkwe ni marehemu, na hapakuwa na wa kumtekea maji.

"Kwani wewe ndiye uliyejifungua?" karani akauliza. Mstari mzima ukacheka.

Dereva akavua kofia. "Bwana karani, tingatinga likiharibika porini, nakaa kulilinda kutwa, sifanyi kitu, nanyi mnanilipa. Leo aliyelala akihitaji mlinzi ni mke wangu."

Karani akachovya kalamu yake, akaandika siku tatu. Aliyecheka kuliko wote akasogea dirishani, akanong'ona, "Bwana, na mke wangu anatazamia kujifungua baada ya Ramadhani."

Sijui kama sheria ya ruhusa ilibadilika. Mstari ulibadilika kabla jua halijafika utosini.