Kuinua Nyasi

Wapo watu wanaosema wamesamehe. Mimi sijasema, na sitaki mtu anisemee. Kanisani tukifika pale pa kutakiana amani, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hutoka kwenye benchi lake akaja kuninyooshea mkono. Nampa vidole viwili. Padri anaona, mama mkwe anaona, na yeye mwenyewe anavipokea hivyo hivyo, maana anajua vile vyangu vitatu vilivyobaki alivipotezea wapi.

Alivipotezea shambani kwangu, kwenye mteremko ule unaoonekana ukiwa kwenye barabara ya kuingia Mbinga.

Mimi si mtu wa milimani. Nimezaliwa Mbaha, ziwani, nikaolewa huku juu kwa Wamatengo. Kwetu mwanamke akianika usipa, dagaa wa ziwa letu, mchangani anaweza kwenda zake nyumbani kupika. Wingu likitanda, jirani atazoa usipa wote, wake na wa mwenzake, na hakuna atakayeuliza kama kuna kiganja kimepungua. Nilipanda mlima na akili hiyo hiyo. Mume wangu alipokuwa hai haikunigharimu kitu.

Huku wanalima ngolo. Wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana, mlima mzima ukawa miraba mitupu. Wanawake tunafuata na majembe. Tunachimba katikati ya kila mraba na kutupa udongo juu ya nyasi, kwa hiyo katikati panabaki shimo na pembeni panainuka tuta, na maharage tunayapanda kwenye tuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni na udongo haushuki. Lakini nguvu ya tuta ni zile nyasi zilizozikwa. Na desturi ni kwamba mwanamke hainui nyasi alizolaza mwanaume ili aone chini kuna nini. Ukiinua, umemwita mwizi mbele za watu. Wewe tupa udongo, basi.

Mwaka wa kwanza wa ujane wangu shemeji alikuja mwenyewe kunipa pole na ahadi. "Shemeji, nyasi niachie mimi. Wewe kazi yako kupika." Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Nikaagiza usipa mzuri kutoka nyumbani, nikasonga ugali, nikaandaa togwa. Yeye na rafiki zake walikula wakashiba, wakalaza nyasi, wakaniaga kwa heshima zote. Kesho yake wanawake wa mlimani walikuja kunisaidia kufunika, tukaimba kutwa nzima.

Aprili mvua ikakaza. Tuta la juu lilibonyea, likaangukia la chini yake, hilo nalo likaangukia lingine. Nilisimama mlangoni nikitazama maharage yangu yakienda mtoni na udongo wake.

Mvua ilipokatika nilikwenda kufukua kwa mikono. Pembeni mwa njia, watu wanapopita, nyasi zilikuwa nene kama inavyotakiwa. Ndani ya shamba walikuwa wametupa matawi mabichi ya vichaka, juu yake wametandaza nyasi chache za kudanganyia macho. Matawi yaliponywea yaliacha uwazi, maji yakaingia humo. Nilikaa kwenye tope nikiwa na tawi mkononi, na machozi hayakuja. Kilichokuja ni hasira, na ile hasira ilinipa raha.

Kwenye kikao cha ukoo shemeji alizungumza kwa sauti ya huruma. "Jamani, shemeji ametoka ziwani, mlima hauwezi. Shamba lirudi nyumbani kabla halijaisha lote." Kumbe ndiyo shida yake! Alitaka shamba la kaka yake, na mimi na mwanangu turudi Mbaha tukaanike usipa. Tawi lilikuwa limefungwa kwenye kanga yangu. Sikulitoa. Ningelitoa pale, wangesema ni makosa ya rafiki zake, wangemtoza mbuzi, tukamaliza. Mimi sikutaka mbuzi. Nilimpigia magoti baba mkubwa wa ukoo, nikamwambia, "Shikamoo baba. Nipe mwaka mmoja." Akanipa huo mmoja tu.

Wanawake ndio niliowaonyesha lile tawi. Waliligeuza geuza, wakapokezana. Jirani yangu wa juu, mama mmoja mwenye mikono kama mpini wa jembe, ndiye aliyesema kwanza. "Ametufanya tuzike uongo wake kwa majembe yetu."

Machi iliyofuata shemeji aliita watu shambani kwake. Alichinja, akapikisha pombe, na mimi nikaenda na jembe langu begani kama shemeji mwema. Wanaume walishalaza nyasi siku iliyotangulia. Alitukaribisha kwa mikono miwili. "Karibuni mama zangu, kazi ni yenu."

Nikapitisha mpini wa jembe chini ya mstari wa kwanza, nikainua.

Wanaume waliokuwa wakicheka kwenye pombe waliacha kucheka. Jirani yangu naye akainua, na mwingine, na mwingine, mpaka shamba zima wanawake walikuwa wameinama wakichungulia chini ya nyasi za mwanaume huyo. Nilitumaini kukuta matawi. Nilikuta nyasi tupu, kavu, nene, zimelazwa kwa ustadi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipomchukia kabisa.

"Kumbe unajua," nikamwambia kwa sauti ya kufika barabarani.

Wanawake waliweka majembe begani, wakateremka wote hadi shambani kwangu, ambako nyasi nilikuwa nimezilaza mwenyewe, mstari kwa mstari, wao wakinirekebisha. Kwake alibaki mke wake peke yake. Kutwa nzima, kila nilipoinua kichwa, nilimwona shemeji akitupa udongo, kazi ambayo huku mwanaume haifanyi, na madereva wa bodaboda wakipunguza mwendo kumpigia honi. Sijawahi kulima kwa utamu kama siku ile. Shamba langu lilisimama, na ukoo haukulizungumzia tena.

Tangu hapo, wanawake wakiitwa kwake, kwanza anainua nyasi zake mwenyewe tuone. Anashika kofia mkono mmoja, nyasi mkono mwingine, anasogea mraba hadi mraba, na mimi napita nyuma yake taratibu. Ameota mvi akifanya hivyo. Jirani yangu aliwahi kuniambia yatosha. Nilimjibu kwamba mimi ndiye nitakayejua yakitosha.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda mjini Mbinga. Machi hii alinipigia simu, "Mama, safari hii nyasi nalaza mimi." Alikuja na wenzake, wakafanya kazi hadi jasho likakauka mwilini. Wanawake walipofika alikuwa ananawa mikono, kikombe cha togwa kiko mbele yake. Nilichukua jembe. Naapa sikufikiri. Mpini ulikwenda wenyewe chini ya nyasi.

"Mama," akasema. "Hata mimi?"

Ningeweza kuchomoa mpini nikacheka, tukasema nimejikwaa. Wanawake walikuwa wananitazama. Nikainua. Kisha nikaenda mraba wa pili nikainua tena, maana wa kwanza ulikuwa kando ya njia.

Zilikuwa nyasi nzuri. Alizilaza kama baba yake mdogo anavyolaza.

Alijifuta mikono kwenye suruali. Togwa hakuigusa. "Mwakani mwite baba mdogo," akaniambia bila hasira. "Yeye ameshazoea."

Akawasha pikipiki, wenzake wakamfuata. Wanawake walisubiri niseme neno. Nikashusha nyasi mahali pake, nikaanza kufunika.