Maji ya Miche, Maji ya Bibi

Baridi ya Mwanza ukimsimulia mtu aliyewahi kuona theluji, atakucheka. Acheke tu, yeye hajawahi kuwa mche wa hoho. Kwetu, juu ya mawe ya Kirumba, mwezi wa saba upepo wa ziwa unapanda alfajiri mpaka jogoo anaghairi kuwika. Mwaka jana miche ya mama ilidumaa, ikawa ya njano, nusu ikajifia. Safari hii alikuwa na kitalu nyumba kidogo cha fito na nailoni, na pakiti moja tu ya mbegu nzuri.

Mimi nilirudi likizo kichwa kimejaa elimu. Mwalimu wa fizikia alikuwa ametuambia kwamba maji hushika joto la mchana, halafu huliachia polepole usiku. Nikamwomba mama madumu manne.

"Ya nini?"

"Ya kulala na miche."

"Haya. Miche ikifa, likizo nzima utabeba samadi. Peke yako."

Nikayapaka masizi niliyokoroga na oili chafu ya pikipiki ili yavute jua, nikayajaza maji, nikayapanga kitaluni katikati ya mbegu zilizosiwa. Saa kumi jioni ukiyagusa, moto. Mdogo wangu wa kike akipita anayaamkia: "Shikamooni wazee."

Wiki mbili zikapita. Miche ilichomoza, ikasimama palepale, imejikunyata kama wanafunzi paredi ya asubuhi. Mama alichukua beleshi, akaliegemeza mlangoni kwangu.

Jioni moja, jua linazama, nikaingia kitaluni. Dumu la kwanza, baridi. La pili, baridi. Yote manne yamejaa mpaka shingoni, na yote baridi kama yametoka bombani sasa hivi! Chini, nyayo mbichi za kandambili zilielekea bafuni, na bafuni mtu alikuwa anaimba pambio.

Akatoka bibi, kajifunga kanga, anang'aa, ananukia sabuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu." Ananiita hivyo tangu nizaliwe, ndio utani wa bibi na mjukuu kwetu. "Nimeolewa mimi! Nani mwingine anamchemshia mkewe maji bila kuni?"

"Bibi, yale ni ya miche!"

"Miche inaoga?"

"Yote manne kila siku?"

"Mawili ya kuoga, moja la miguu."

"Na la nne?"

"La raha."

"Sasa mbona nimeyakuta yamejaa?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Nimeyajaza tena kutoka kwenye tangi. Unafikiri mimi ni mtu wa kuacha dumu tupu?"

Kwetu maji yanatoka kwa zamu, na kuacha dumu tupu ni dhambi iliyosahaulika tu kuandikwa kwenye Biblia. Kwa hiyo heshima ya bibi ndiyo iliyokuwa inagandisha hoho za mama.

Kesho yake nikapaka madumu mengine mawili, nikayaweka juu ya jiwe nyuma ya jiko. "Haya ndiyo yako, mke wangu. Yale mengine ni ya watoto."

Akakubali, ingawa alilalamika kwamba raha imepunguzwa.

Baada ya hapo miche iliamka. Majani yakakolea, shina likanenepa, na asubuhi moja nikakuta beleshi halipo mlangoni. Lilikuwa shambani, mkononi mwa mama.

Samadi nilibeba hivyohivyo, maana miche hai nayo inataka kula. Ila karai tulishika wawili, mama upande ule, mimi huku. Bibi alikaa juu ya jiwe, ameshaoga, anatuelekeza.