Shule ya Mama Ilifunguliwa Novemba

Nakumbuka Novemba moja, mwanangu, ambayo niliiba. Usishtuke. Watu huiba kuku, huiba nguo kwenye kamba. Mimi niliiba majuma mawili ya Novemba, na mwenyewe alikuwa mama yangu mzazi. Keti hapo. Chai iko kwenye chupa, na karanga bado ni za moto. Usinihimize tu, kwa maana magoti yangu na maneno yangu siku hizi yanatembea mwendo mmoja.

Kila mwezi wa pili, shule zinapofunguliwa hapa Kampala, mimi hukaa mlangoni nikatazama njia. Boda boda inapita na godoro lililokunjwa, mtoto amebanwa katikati, sanduku la bati limewekwa mbele ya dereva. Nyuma anakuja mama mtu anakimbia na ufagio uliosahauliwa. Hapo nacheka. Lakini Desemba wanaporudi, sare zimepauka na ripoti ziko kwenye bahasha, moyo wangu huwa mzito, nami huingia ndani nikajifanya natafuta miwani. Watu wa nyumba hii hudhani ni presha. Leo nakwambia wewe kwamba si presha.

Sisi asili yetu ni Kenya, hilo unalijua. Baba alikuwa fundi wa reli, akapanga nyumba Namuwongo, hapahapa Kampala, vyumba viwili katika ua wenye milango minane. Mama aliuza nyanya na vitunguu pale soko la Nakasero. Hali ya nchi ilipochafuka, baba akaona heri nikasome kwetu, akanipeleka shule ya bweni ng'ambo ya mpaka. Sasa sikiliza vizuri, maana kisa chote kimekaa hapa. Shule za Kenya zilifunguliwa Januari mapema, zikafungwa Novemba. Za huku zilifunguliwa mwezi wa pili, zikafungwa Desemba. Kwa hiyo mimi nilifunga sanduku langu wakati wenzangu wa uani bado wanaguguna mifupa ya Krismasi. Walinisindikiza kwa huruma ya kejeli: "Bambi! Nyama iko bado kwa sufuria na wewe unaenda kusoma!" Nilipanda basi nikilia. Lakini Novemba ilikuwa zamu yangu. Nilirudi nikawakuta wao ndio wanaoamka na giza kwenda kufanya mitihani, nami nimelala hadi jua linapiga bati.

Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Baba alijaribu kumfundisha walipokuwa wachanga wa ndoa, akakosa subira, akamwambia kichwa chake ni kigumu kama nati yenye kutu. Maneno ya fundi hayo. Tangu siku hiyo mama hakushika kalamu tena. Barua zangu kutoka shuleni alisomewa na jirani yetu Mama Furaha, mwanamke wa Kongo aliyeuza vitenge, mtu mwema sana lakini hawezi kusoma barua bila kuitia chumvi. Nikiandika "nina mafua", yeye husoma, kisha anatikisa kichwa na kusema, "Huyu mtoto anaumwa vibaya." Mama halali usiku huo.

Basi Novemba yangu ya kwanza kurudi, siku ya pili tu, mama alirudi sokoni mapema. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akavaa gauni lake la kanisani, akaja kuketi mbele yangu kwenye kigoda.

"Mwalimu, nimekuja," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatoa chini ya kanga daftari jipya na penseli iliyochongwa kwa kisu cha vitunguu.

"Watoto wa uani wako shule," akasema. "Baba yako yuko kazini. Hakuna mtu wa kunicheka. Nifundishe nisome barua zako mimi mwenyewe. Nimechoka kukusikia kwa mdomo wa mtu."

Ndivyo ilivyofunguliwa shule ya mama. Ilikuwa na mwanafunzi mmoja na mwalimu wa miaka kumi na miwili, tena mwalimu mwenye maringo, maana nilimsimamisha akikosea. Alisimama! Mtu mzima, mwenye gauni la kanisani, anasimama kwa sababu amechanganya *ba* na *da*. Alisoma huku anabambua karanga, ganda moja kwa kila silabi, na alipopatia alikula ile karanga. Na siku shule za Kampala zilipofungwa, watoto wakajaa uani na kelele zao, mama alilifunga daftari ndani ya kopo la biskuti na kulisukuma chini ya kitanda. "Nasi tumefunga," akasema. "Tutafungua Novemba ijayo."

Novemba ya pili tulisoma maneno mazima. Palikuwa na kalenda ya reli ukutani, tukasoma miezi. Neno lake la kwanza refu, alilolisoma bila kunitazama usoni, lilikuwa Novemba. Alilipenda neno lile. Alilichora kwa kidole kwenye unga, akalichora kwenye vumbi la meza. Nilipoondoka Januari aliniagiza, "Ukiniandikia, andika kubwa, na maneno yaachane. Mwaka huu nitajaribu. Tukikutana Novemba utanimalizia yaliyobaki."

Nikamwambia sawa, mama. Ahadi ni deni, tulifundishwa hata kabla ya kujua kuhesabu.

Mwaka huo, mwanangu, nilipata rafiki. Akinyi alikuwa wa Kisumu, na kwao kulikuwa na televisheni. Wewe uliyezaliwa na simu mkononi huwezi kujua neno hilo lilivyotulegeza. Akinyi akasema, tukifunga, njoo kwetu majuma mawili. Mimi nikapiga hesabu zangu za kijinga. Baba alikuwa amehamishiwa Tororo, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mama alizijua siku za shule kwa kuwatazama watoto wanaopita mlangoni na sare. Nikisema na sisi tunafunga Desemba, nani atanipinga?

Nikakaa bwenini nikaandika. Niliandika kubwa, maneno yakaachana, kama nilivyoagizwa. *Mama yangu mpenzi. Mimi ni mzima. Mwaka huu shule yetu itafungwa Desemba kama za huko. Usiningoje Novemba.* Nikaitazama barua, nikaona imependeza. Uongo wenye mwandiko mzuri, mwanangu, hauna tofauti na kidonda kilichofungwa kitambaa cheupe. Nikaipeleka posta.

Kisumu nilifurahi, nisikudanganye. Tulikula samaki, tukatazama televisheni hadi macho yakawa mekundu. Sikumkumbuka mama zaidi ya mara mbili. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao waliniona kwa mbali.

Nilifika Namuwongo Desemba, siku shule za huku zilipofungwa, nikajichanganya na watoto wa uani kama niliyetoka nao darasani. Mama alinipokea kwa posho, ule ugali wa huku, na samaki, akanishika mashavu akaniambia nimenenepa.

"Mmefunga salama?"

"Tumefunga salama, mama."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kinywani bila hata kukwama. Mama akaomba ripoti. Kila mwaka aliishika tu, akaitazama kama mtu anavyotazama picha ya ndugu asiyemfahamu, kisha akaiweka juu ya kabati imngoje baba. Nikampa. Sikuwaza lolote. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye karatasi ile, kwa sababu nilisahau jambo moja: mwanafunzi wangu alikuwa anajua kusoma.

Kidole chake kilishuka polepole, silabi kwa silabi, akiruka Kiingereza asichokielewa. Chini kabisa, pale panapoandikwa siku ya kufunga, kidole kikasimama. Novemba ya Kiingereza na ya Kiswahili ni mapacha. Niliona midomo yake ikitamka bila sauti. Akarudia. Kisha akaikunja ripoti vizuri kwa mikunjo yake ileile, akaiweka juu ya kabati.

"Kumbe kusoma ndiko huku," akasema.

Akaenda kugeuza samaki jikoni. Hakunichapa wala hakumwambia baba. Laiti angenichapa.

Mwaka uliofuata nilirudi siku ileile shule ilipofungwa. Sikulala hata njiani. Ua ulikuwa kimya. Nikatoa kigoda, nikachonga penseli, nikamngoja mwanafunzi wangu. Mama akarudi kutoka Nakasero, akatua kikapu, akaketi mbali kidogo na kuanza kubambua karanga zake.

"Mama, shule imefunguliwa," nikasema, nikijaribu kuchekesha.

"Yangu ilishafungwa, mwanangu. Nimezeeka, kichwa hakishiki tena." Alisema kwa upole, na alikuwa hajafika hata miaka arobaini.

Nikaona ananionea. Nikatoka na ndoo hadi bombani, nikamkuta Mama Furaha, nikamlalamikia: mama hataki kusoma, nami nimekimbia kurudi kwa ajili yake. Mama Furaha akaufunga mfereji wa bomba kwanza. Alitaka nimsikie.

"Wewe mtoto," akasema, "mama yako alisomaka ile barua yeye peke yake. Siku tatu! Mimi nikamwambia, leta nikusomee, akakatala. Siku ya tatu akakuja kwangu mbio, unga kwenye mikono, anasema, 'Mama Furaha, nimeimaliza! Mwanangu ameongea na mimi mwenyewe!' Akacheka mpaka akalia. Tukapika chai. Sasa niambie, ulimwandikia nini mle ndani?"

Nikamwambia yote. Barua ya kwanza ambayo mama yangu aliisoma kwa macho yake, baada ya kubambua silabi zake pamoja na karanga kwa miaka miwili, ilikuwa uongo wangu. Na neno lake la kwanza alilolipenda ndilo lililomwonyesha.

"Nenda umuombe msamaha leo," Mama Furaha akasema. "Leo, hapana kesho."

Nikarudi nyumbani nimeukaza moyo. Mama alikuwa anafunga vitunguu vya kesho mafungu mafungu. Nikasimama mbele yake. Nikafungua kinywa. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mama, nikusaidie kubeba?" Akaniambia, "Beba." Nikabeba kikapu hadi mlangoni, na msamaha wangu nikauacha palepale sakafuni. Nikajiambia kuna siku nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kwangu mimi Novemba zilikuwa hazina idadi.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, nisikutie huzuni kuliko inavyostahili. Alinioza, alilea watoto wangu. Nilipohamia hapa Naguru alikuja akakaa nami hadi mwisho. Na kazi yangu unaijua: nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, miaka zaidi ya thelathini. Nusu ya mtaa huu nimewafundisha *ba be bi bo bu*, hata yule askari mwenye tumbo anayenisalimia pale kona. Nilikuwa na subira na kila mtoto. Sikumsimamisha hata mmoja. Lakini jioni nilirudi nyumbani nikamkuta mama yangu anamwomba mjukuu amsomee Zaburi, naye anamsikia Mungu kwa mdomo wa mtu.

Alipofariki tulifungua kopo la biskuti. Daftari lilikuwamo, na ndani yake barua yangu. Chini ya kila neno alikuwa ameweka alama ya penseli, kama nilivyomfundisha, ili ajue amefika wapi. Chini ya *Usiningoje* alama zilikuwa tano au sita. Neno refu lile lilimpa taabu. Alilirudia na kulirudia, hadi likampa maana yake.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Mimi nasema ni mjukuu asiyehama nyumbani. Nimekaa naye muda mrefu, namjua tabia.

Basi mwanangu, ninyi mna simu. Mtu amejifunika blanketi Namuwongo anasema, "Niko njiani, nimefika Nakasero," na wote mnacheka. Sikukatazi kucheka. Ninachokwambia ni hiki: kila ukimwambia mtu siku yako ya kufika, upande wa pili kuna aliyepanga jambo kwa siku hiyo. Amenawa mikono. Huenda amevaa gauni la kanisani. Mambo makubwa ya wazazi wetu hatuambiwi. Wanayaficha mahali penye ua mtulivu, wanangoja tufike, na siku hizo ni chache kuliko tunavyodhani. Usimdanganye anayekungoja, hasa yule asiye na njia ya kukupinga. Na ukishakosa, usibebe kikapu badala ya kusema neno. Kikapu mtu yeyote anaweza kubeba. Sema, nimekudanganya, nisamehe, hata kama sauti itakatika, na useme siku hiyohiyo.

Mungu akupe watu wa kukungoja, mwanangu, na akupe miguu ya kufika siku uliyowaambia. Akupe kinywa chepesi kwenye kuomba msamaha na kizito kwenye uongo. Na ikiwa mama yako bado anakuuliza shule itafungwa lini, basi amka, mpigie sasa hivi, umtajie siku ya kweli.