Aliyepona Huachia Kitanda

Mimi ni mtu wa duka, si mtu wa jembe. Babu yangu alitoka Kilwa na mzigo wa kanga, akafika Kitai akachoka, akajenga. Mimi nikaolewa huku juu, upande wa Litembo, na mume alipoamua kwamba baridi ya Umatengo haimfai, nikabaki na duka na mwanangu Mosi. Kwa hiyo nikisema habari za mashamba nasema kama jirani tu, aliyeyatazama miaka mingi kutoka mlangoni. Lakini habari za Ephrasia nazisema kwa uchungu, na atakayechukia achukie.

Ephrasia alirudishwa kwao na gari la kukodi kutoka Songea, amejifunika blanketi mpaka kichwani mchana kweupe. Yeye na mwanawe Tarsisi walikuwa wamepata ajali ya bodaboda. Mtoto alifariki palepale, mama akalazwa bila fahamu, na alipozinduka aliambiwa kwamba Tarsisi ameshazikwa. Kwao, kama kwetu, ndugu wa marehemu hutupa udongo kidogo kaburini. Yeye hakuutupa. Mumewe alimvumilia kwa muda, kisha akamrudisha kwa mama yake kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima.

Kwa mama yake, Mama Benadetha, aliingia chumbani akafunga dirisha. Mwanga unamuumiza, alisema, na baada ya hapo hakusema mengi. Vidonge alipewa, akameza, akalala, akaamka vilevile. Kijijini watu waliacha kumwita Mama Tarsisi wakidhani wanamhurumia. Mimi niliendelea kumwita hivyo hivyo, nikisimama nje ya dirisha lake na kumsimulia umbea wa dukani, ajibu asijibu.

Nimpe kila mtu haki yake: aliyemtoa chumbani ni mdogo wake, Isidori.

Huku mlimani shamba hulimwa kwa mashimo, wenyewe huyaita ngoro. Mvua zikielekea ukingoni, mwanamume hufyeka majani akayalaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unafanana na dirisha la nondo. Akimaliza, kazi inakuwa ya mwanamke. Anachimba katikati ya kila mraba, na kwa udongo anaoutoa anayafukia yale majani. Panabaki shimo katikati na tuta pande zote. Mvua inatulia shimoni badala ya kuondoka na shamba, majani yanaoza chini ya tuta, maharage yanapata chakula. Milima iliyosimama kama ukuta inalimwa hivyo tangu mababu zao.

Baba yao aliacha kipande cha mteremko kilichochoka, kimejaa magugu, hakuna aliyekitaka. Isidori alikifyeka, akalaza majani, akaja kugonga mlango wa dada yake. Alimwambia kwamba majani yameshalala, na yasipofukiwa yatapeperuka, na mke wake ana shamba lake la kuhangaika nalo. Akaacha jembe mlangoni akaondoka. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ephrasia alikuwa amekaa miezi.

Siku ile alifukia mraba mmoja akarudi kulala. Kesho yake akafukia miwili. Nilimwona kutoka dukani, kanga imemzidi kwa kukonda, anachimba, anasimama, anachimba tena. Nilidhani ataanguka abingirike mpaka mtoni. Hakuanguka. Siku moja akapita dukani, kucha zimejaa matope, akaomba maji. Nilimtania, nikamuuliza ni rangi gani hii ya kupaka kucha. Akanywa maji, kisha akasema, "Mama Mosi, kule kila fungu la majani nalifukia kwa mkono wangu. Hakuna aliyemaliza kabla sijafika."

 Nilimmiminia chai.

Mwaka wa kwanza alivuna maharage kidogo, wa pili mengi. Alianza kulala usiku. Alianza kwenda kanisani, halafu akaanza kugombana nami kuhusu bei ya chumvi, nikajua huyu sasa ni mzima. Nesi Scholastica wa zahanati naye aliona. Vidonge hakuvikataza, lakini mwanamke akija kwake amefiwa au ametelekezwa, usingizi umemkimbia, alimpa dawa kisha akamwambia, nenda kwa Ephrasia ukamsaidie kufukia majani. Wakaja mmoja mmoja. Walichimba bila kuongea sana, na waliotaka kulia walilia, wakaendelea kuchimba. Kile kipande kilichochoka kilianza kutoa mahindi ya kumpita mtu kimo.

Sasa kuna kanuni moja huku ambayo hata mimi wa duka naijua. Ukipewa ardhi ulime tu, panda maharage, panda mahindi, panda viazi. Usipande kahawa. Kahawa ni mti, na mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Ephrasia alitamani kahawa. Alitaka shamba lile liwe lake, azeeke nalo, azikwe karibu nalo. Akamwomba Isidori, mama yao akiwa amekaa pale. Isidori akamjibu kwa upole kwamba wao wamenyonya ziwa moja, aoteshe miche, mvua zikikolea watapanda pamoja.

Nilimwambia aite wazee wawili watatu wasikie. Aliniangalia kama nimemtukana. Kwa jirani ungeita mashahidi, alisema, lakini kwa mdogo wako wa tumbo moja ni kumwambia kwamba humwamini. Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu mwenye adabu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Miche aliiotesha kando ya mto, kwenye mifuko ya sukari aliyoichukua dukani kwangu. Aliinywesha asubuhi na jioni, akaikinga na jua kwa majani ya migomba. Wakati huohuo bei ya kahawa ikapanda, na mtoto wa kwanza wa Isidori, Augustino, akawa anatafuta pa kuanzia maisha. Kila mwenye mteremko akaanza kuutazama kwa jicho jipya. Mwaka ule shamba la Ephrasia lilikuwa limepumzika na majani, linasubiri kufyekwa.

Mwezi wa kwanza, mvua zimekolea, Mama Benadetha akashikwa na hamu ya mbasa. Hakutaka samaki wa soko la Mbinga. Alimtaka mbasa wa ziwani, wa kwa mdogo wake aliyeolewa Kihagara, na hakutaka aletewe na mtu mwingine ila bintiye. Bibi wa watu alisema huenda akafa bila kumwonja tena. Ephrasia alicheka, akafunga safari kuteremka Nyasa.

Alirudi baada ya siku kadhaa, uso umenawiri. Alikuwa na mbasa waliobanikwa, wamefungwa kwenye majani ya mgomba, na mimi akaniletea usipa, vile vidagaa vya Nyasa. Alisema ameoga ziwani mpaka mama yake mdogo akamfokea. Kabla hata ya kufika kwa mama yake alitaka kuona shamba, maana alikuwa ameota kwamba mvua imelibeba. Nikamwachia Mosi duka, nikamsindikiza.

Mvua haikuwa imelibeba. Majani yote yalikuwa yamefyekwa na kutupwa pembeni. Ngoro zilizibwa, matuta yakasawazishwa, na juu yake ilisimama miche ya kahawa, mstari kwa mstari, kuanzia juu mpaka chini. Pale ukingoni palikuwa na rundo la mifuko ya sukari iliyochanwa. Niliitambua. Naye aliitambua.

Isidori alikuwa kule chini na Augustino, wanamalizia. Alikwea polepole, akamsalimia dada yake, akamuuliza habari za safari. Ephrasia aliinama akashika mche wa karibu.

"Hii miche ni yangu," alisema.

"Ni yako, Dada. Umeiotesha vizuri, yote imeshika."

"Ulisema tutapanda pamoja."

Isidori alitazama jembe lake. Sikuona aibu usoni mwake, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Alisema kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na wote, "Dada, shamba hili tulikupa uuguze moyo. Sasa umepona, kila mtu anaona. Hata hospitali, mgonjwa akipona anaachia kitanda."

Nilitaka kumrukia. Ephrasia alinishika mkono. Alikuwa na swali moja tu, kama mama anajua. Augustino, kijana asiye na hila, akajibu kwa niaba ya baba yake kwamba ni bibi aliyesema shangazi aende ziwani kwanza.

Kifurushi cha samaki kilikuwa bado mkononi. Alikibeba mpaka nyumbani, akakiweka mbele ya mama yake, akampigia magoti kama kawaida, akasema shikamoo. Mama Benadetha aliitikia marahaba huku akitazama mlango. Halafu alisema yeye ni mama wa wote wawili, na kwamba mwanamke huolewa, ardhi ni ya wanaobaki. Ephrasia alimwambia, "Mama, ungeniambia tu nikiwa hapa. Ningelia, lakini ningekuwa hapa." Akakusanya nguo zake, akaja kulala kwangu.

Tulikwenda kwa wazee. Waliuliza ni nani aliyepanda ile kahawa, wakaambiwa Isidori. Wakauliza kama kuna aliyesikia akimwahidi dada yake. Aliyesikia ni mama, na mama alisema hakumbuki. Kung'oa kahawa ya watu ni kosa kubwa huku, na hata kama lisingekuwa kosa, Ephrasia asingeweza. Ilikuwa imekua mikononi mwake.

Wale wanawake wa Scholastica walifika mara moja mbili, wakakuta hakuna majani ya kufukia, wakaacha kuja.

Kisha ukafika msimu wa kufukia. Isidori alikuwa amelaza majani kwenye shamba lake lingine, na mke wake alikuwa amejifungua juzi juzi, hawezi kushika jembe. Wingu lilikuwa limetanda. Akamtuma mama yake. Nilimwona Mama Benadetha akija na fimbo yake, nikamwamkia kwa sababu ya umri wake tu. Alimwomba Ephrasia akamsaidie mdogo wake, kwa siku chache, majani yasipeperuke. Alisema hakuna mwanamke anayefukia kama yeye, na hilo lilikuwa kweli.

Ephrasia alikuwa amekaa juu ya gunia la unga. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho.

"Mwambie Isidori bado naumwa," alisema. "Na kitanda changu amekilalia yeye."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikapiga meza, nikasema haya, peleka hilo, fadhila ya punda ni mateke. Mama Benadetha aligeuka akaondoka. Nikamgeukia Ephrasia nicheke naye, nikakuta amejiinamia, amejifunika kanga mpaka kichwani. Hakuwa amefanya mzaha.

Akaniomba nifunge dirisha la duka, mwanga unamuumiza. Nje kulikuwa na mawingu, na jua halikuwa limetoka tangu asubuhi.